Aliyechagua gari ni broka

Jumamosi moja mwezi wa tatu nilimsindikiza binamu yangu, mwalimu, Ngong Road, Nairobi, kutafuta gari. Alikuja kama mtu anayekwenda kwenye mahojiano ya kazi: faili kwapani, taarifa ya SACCO ndani yake, na karatasi yenye majina ya yadi tano. Gari lenyewe alikuwa nalo kichwani tangu mwaka uliotangulia. Mazda Demio, injini ndogo, lisilo na kiu ya mafuta, litakaloingia hata kwenye ule upenyo wa kuegesha pale wanapokaa Donholm. Yadi ya pili tukalipata. Rangi ya wino, viti safi, kilomita 61,000 kwenye dashibodi (mimi siamini kilomita za gari lolote la yadi, ila siku hiyo nilinyamaza). Baada ya kuvutana kwa nusu saa, bei ikasimama kwenye Sh1 milioni.

Kabla ya kutoa malipo ya kwanza akampigia broka wa bima, simu akaiweka spika.

"Ni Demio, dada?"

"Ni Demio."

Kimya kidogo. "Ya kazi ama ya nyumbani?"

"Ya kwenda kazini na kupeleka watoto shule."

"Wote husema hivyo," broka akacheka, lakini halikuwa cheko la utani. Kisha akaanza kusoma hesabu. Bima kamili, asilimia 6 ya thamani: Sh60,000. Kinga ya eksesi, ile sehemu ya hasara unayojibebea mwenyewe, Sh5,000. Kinga ya ghasia na ugaidi, Sh2,500. Tozo ya mafunzo asilimia 0.2, tozo ya mfuko wa fidia asilimia 0.25, stempu Sh40. Jumla, Sh67,844 kwa mwaka. Na kampuni mbili alizozoea kuzipelekea kazi, akasema, hazitaki Demio kabisa siku hizi. "Hata Note. Hata Probox. Wakiona hayo majina hawanijibu imeili."

Nikampokonya binamu simu kwa udadisi tu. Je, nikija na gari la Sh4 milioni? Sauti ya broka ikabadilika ikawa ya mtu aliyeketi vizuri kwenye kiti. "Hapo tunaongea. Naweza kukutafutia asilimia 3.5."

Piga hesabu mwenyewe. Asilimia 3.5 ya Sh4 milioni ni Sh140,000. Gari lenye thamani mara nne ya Demio halilipi hata mara mbili na nusu ya kile anachoombwa mwalimu wa Donholm. Kwa kila Sh100 za chuma chake, mwenye gari dogo anatoa Sh6, mwenye gari kubwa Sh3.50.

Tulitoka pale yadi bila gari. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiuliza maswali kwa mabroka, mafundi na jamaa wanaotathmini magari yaliyogongwa, na nimefikia mahali pa kusema hili: Nairobi ya sasa, mtu hachagui gari halafu akatafuta bima. Bima ndiyo inayomchagulia gari, na inamchagulia kinyume kabisa na mahali serikali inakomsukuma. Ushuru wa bidhaa kwa gari linaloingia Mombasa ni asilimia 20 kama injini haizidi cc 1500, na asilimia 25 au zaidi ikizidi hapo. Ujumbe wa Hazina ni wazi: chukua dogo. Mnunuzi anatii, analipa, analifikisha gari Nairobi, na anaposimama kwa broka anaambiwa hilo dogo ndilo baya.

Sasa, kabla hatujaanza kuwatukana watu wa bima kama ilivyo desturi yetu, tukubali kwamba broka yule hakukosea hesabu.

Nilikwenda kwenye maduka ya spea ya Kirinyaga Road siku ya Jumanne kuuliza bei ya taa. Muuzaji, kijana mwenye dastikoti ya bluu iliyokolea grisi mfukoni, hakuniuliza gari ni la mwaka gani. Aliniuliza kwanza, "Unataka orijino, eksi-Japani ama Taiwani?" Yaani mpya ya kampuni yenyewe, iliyotumika Japani, ama nakala ya bei nafuu. Kwa Toyota Fielder alikuwa na taa ya mbele ya Taiwani kwa Sh7,000, imefungwa kwa karatasi ya povu, na akanionyesha nyingine sita za aina hiyo juu ya rafu. Kwa Demio alishuka ngazi, akaingia stoo ya nyuma, akarudi na taa moja ya LED, eksi-Japani, kioo chake kina mkwaruzo kama wa kucha. Sh32,000. "Taiwani ya hii hatuna, mzee. Na hii ikienda, sijui nyingine itakuja lini."

Hiyo taa ndiyo inayoeleza zile asilimia 6. Taa haijui kwamba gari limeshuka thamani. Bampa haijui. Mito ya hewa ndiyo kabisa: ikilipuka mitatu katika ajali moja, unabadilisha mito, mikanda ya viti, kompyuta yake, mara nyingi na dashibodi nzima, na ankara hiyo haitofautiani sana kati ya gari la milioni moja na la milioni mbili na nusu. Kwa desturi, gharama ya matengenezo ikikaribia nusu ya thamani, kampuni hulihesabu gari limekwisha na kumlipa mwenyewe. Gari dogo hufika hapo kwa mgongano mmoja wa Mombasa Road. Gari la Sh4 milioni likigongwa vilevile hunyooshwa bodi, hupigwa rangi, hurudi barabarani, na kampuni inakuwa imetoa sehemu ndogo tu ya thamani yake.

Kwa hiyo asilimia kubwa kwa gari dogo ina mantiki. Nililikubali hilo kwa shingo upande, nikiwa nimesimama pale na ile taa ya mkwaruzo mkononi.

Ongeza juu yake yale ambayo kila mtu anayajua. Mwezi Januari 2024 dola moja ilikuwa imefika karibu Sh160, na kila spea inayoingia nchini hulipiwa dola. Baadaye shilingi ikapata nguvu ikarudi kwenye Sh130 hivi, lakini nionyeshe duka la spea la Grogan lililoteremsha bei kwa sababu hiyo, nami nitakununulia chai. Miezi michache baadaye ikaja mvua ya masika ya 2024, magari yakazama hadi kwenye vioo katika mitaa ambayo hata mto haina. Gari la kisasa likimeza maji hadi kwenye nyaya halitengenezeki. Hukaushwa likauzwa mnadani. Mwezi Juni mwaka huohuo yakaja maandamano, na watu ambao walikuwa wakikifuta kile kipengele cha ghasia na ugaidi ili kuokoa Sh2,500 wakaanza kukisoma kwa makini. Na wizi wa gereji nao upo. Asesa mmoja, mtathmini wa magari yaliyogongwa, aliniambia amewahi kupelekewa picha za bampa moja iliyovunjika katika madai matatu, ya magari matatu, mwaka mmoja. "Ile bampa," akasema, "ingekuwa mtu, ingekuwa na nambari ya PIN ya kodi."

Lakini kuna sababu ambayo watu wa bima hawaipendi ikitajwa, na ndiyo ninayoona nzito kuliko zote. Kwa miaka mingi bima ya magari Kenya iliuzwa kwa bei isiyotosha. Kampuni zilipigania wateja kwa kupunguza, broka akapeleka gari moja kwa watano na kurudi na aliyeshuka zaidi, na pesa za mwaka huu zikawa za kulipia ajali za mwaka juzi. Matokeo tuliyaona. Kampuni ya United ilipoanguka mwaka 2005, matatu nyingi ziliachwa uchi. Blue Shield ikafuata 2011. Invesco, ambayo nayo ilijulikana sana kwa matatu, iliingia ufilisi 2024. Kila ikianguka moja, mjane anayedai fidia ya mumewe aliyegongwa anaelekezwa kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wenye Bima, ambao kikomo chake ni Sh250,000 kwa dai. Mwenye gari naye anaweza kufuatwa nyumbani na madalali wa mahakama kwa deni ambalo alidhani alishalilipia. Basi sehemu ya kupanda huku kwa ada ni bei kurudi mahali ilipopaswa kuwa tangu mwanzo. Haifurahishi, lakini ndivyo.

Hapo ndipo ninapoachana na kampuni, hata hivyo. Kwa sababu kukubali kwamba kikapu kizima lazima kiwe ghali hakujibu swali la nani ndani ya kikapu abebe nini.

Rudi kwa lile neno la broka: wote husema hivyo. Demio, Vitz, Note na Alto ndiyo magari ya teksi za programu. Tangu Uber ifike Nairobi Januari 2015 na wenzake wakafuata, gari dogo limegeuka kuwa chombo cha kazi kinacholala saa nne kwa siku. Wenye kuyaendesha wengi si wenye magari. Wanapeleka hesabu kwa bosi kila Jumamosi, na hesabu haisubiri foleni. Bima ya gari la abiria ni ghali kuliko ya gari la nyumbani, kwa hiyo baadhi hukata ya nyumbani na kuomba Mungu. Likigongwa likiwa na abiria, kampuni ikigundua, hailipi. Lakini siyo wote hugunduliwa. Kampuni hutazama daftari lake mwisho wa mwaka, inaona jina Demio limejaa madai, na badala ya kumtafuta aliyelifanya teksi bila kusema, inalipandishia jina.

Kwa hiyo binamu yangu, ambaye gari lake lingetembea kilomita 18 kwa siku na kushinda limeegeshwa chini ya mti wa shule, analipia safari za saa nane za usiku za mtu asiyemjua huko Westlands. Ndiyo, bima ni kuchangiana. Ukichanga kwenye matanga huulizi marehemu alikuwa mtu wa aina gani. Ila hata kwenye matanga, mwenye nyumba ya ghorofa hachangi kidogo kuliko mpangaji.

Kinachoniudhi ni kwamba hatukosi vifaa vya kutofautisha. Magari mengi ya mkopo Nairobi yana traka iliyofichwa chini ya dashibodi. Benki inaitaka, bima inaitaka. Usipokuwa nayo, gari likiibiwa sehemu ya hasara unayojibebea huruka, mara nyingi kutoka asilimia 10 hadi 20 ya thamani. Kile kidude kinajua gari limelala wapi, limeamka saa ngapi, limekimbia kasi gani Thika Road saa sita usiku, limefunga breki mara ngapi. Kinajua kama ni teksi ndani ya wiki mbili. Lakini kinaulizwa swali moja tu, tena siku moja tu: gari limeibiwa, liko wapi? Siku nyingine zote kinajiongelea peke yake. Vyeti navyo siku hizi ni vya kidijitali, historia ya gari iko kwenye mfumo mmoja. Pamoja na hayo yote, fomu ya bima inakuuliza thamani, mwaka wa kuundwa, na aina. Maswali yote matatu ni ya chuma. Anayekamata usukani anaulizwa jina na nambari ya leseni.

Mimi nimekuwa na gari moja miaka saba bila kudai hata kioo. Nilipomuuliza broka wangu kuhusu punguzo la asiyedai, alinijibu kwa upole wa daktari anayeongea na mgonjwa mzee: "Hiyo tayari iko ndani ya bei, mkubwa." Nikamwomba anionyeshe iko wapi ndani ya bei. Akaniletea chai.

Watu, bila shaka, hawakai tu wakisubiri kunyongwa. Wanafanya hesabu zao, na hesabu hizo ndizo zinazobadilisha magari unayoyaona barabarani.

Njia ya kwanza ni kushusha thamani. Gari la Sh1.2 milioni unaliandika Sh800,000, ada inashuka, kila mtu anatabasamu. Wengi hawajui kifungu kinachowasubiri. Umekata bima ya theluthi mbili ya gari, kwa hiyo wewe mwenyewe ni kama bima wa theluthi iliyobaki. Ukigongwa hasara ya Sh300,000, kampuni inahesabu Sh200,000 tu kuwa ni zake, kisha inatoa eksesi, tuseme asilimia 2.5 ya thamani uliyoandika, yaani Sh20,000. Unapokea Sh180,000. Zile Sh120,000 unazitafuta kwenye chama. Ndiyo maana kampuni nyingi sasa zinadai gari lipite kwa mthamini kwanza, na kwa hilo siwalaumu.

Njia ya pili ni umri, na hii ndiyo inayoendesha soko la magari yaliyotumika kuliko watu wanavyofikiri. Sheria inakataza kuingiza gari lililopita miaka minane tangu kuundwa. Wauzaji wengi huleta lile lililobakiza kidogo tu, kwa sababu ndilo nafuu, kwa hiyo gari "jipya" la Nairobi kwa kawaida lina miaka saba. Upande wa pili, kampuni nyingi hazikupi bima kamili gari likipita miaka 15, na baadhi hufunga mlango mapema zaidi. Toa saba kwenye 15: gari lina maisha ya miaka minane ya kulindwa. Benki hazikopeshi gari lisilokuwa na bima kamili, hivyo linapokaribia huo mwisho wa nane wanunuzi wa mkopo hutoweka, hubaki wa pesa taslimu, na bei huporomoka. Ndiyo maana Premio ya umri fulani huuzwa vizuri leo na mwaka ujao mwenyewe anaizungusha WhatsApp miezi mitano bila hata anayeuliza picha za ndani. Gari lenyewe halijaharibika chochote. Limefikisha tu umri wa kustaafu ambao haukuandikwa na aliyeliunda.

Na njia ya tatu, ambayo ndiyo kubwa, ni kuhama kwenda thadi pati, bima ya kulinda watu wengine tu. Sh7,500 kwa mwaka, pengine chini ya hapo; hata kwa mwezi mmoja mmoja unauziwa, jambo linalomfaa sana mtu wa mshahara kwa sababu sheria hairuhusu bima ya mkopo: hujalipa, huna bima. Kati ya Sh67,844 na Sh7,500 kuna pengo la Sh60,000 na ushei. Hiyo ni karo ya muhula. Kumwambia mzazi aichague bima badala ya karo kwa sababu "ajali haina taarifa" ni mahubiri ya mtu asiyelipa karo.

Lakini tujue tunachohamia. Sura ya 405 ya Sheria za Kenya inamlazimu kila mwenye gari kuwa na bima ya atakaowaumiza au kuwaua. Ni bima ya watu wengine. Gari lako likigongwa halina mtetezi. Na hata hao watu wengine, kampuni inawajibika hadi Sh3 milioni kwa mtu mmoja. Mahakama ikimpa majeruhi Sh5 milioni, na kwa aliyevunjika uti wa mgongo hilo si ajabu, zile mbili zinazobaki zinaweza kukufuata wewe, gari lako, na ile ploti ya Joska. Katika nchi ambayo barabara zake huua zaidi ya watu 4,000 kila mwaka, wengi wao wakiwa waendao kwa miguu na watu wa boda, hili si jambo la kupitia juu juu kwenye foleni ya broka.

Kuna jambo jingine linalotokea polepole. Dereva mwangalifu, mwenye gari lisilo na deni, ndiye anayeweza kuhama. Anajijua, anajipigia hesabu, anaondoka. Anayebaki kwenye bima kamili ni aliyelazimishwa na benki, na yule anayejua moyoni kwamba mwaka hautaisha bila kugonga. Kikapu kinabaki na walioshikwa na wenye bahati mbaya. Madai kwa kila mteja yanapanda, ada inapandishwa tena, na waangalifu wachache waliosalia nao wanafungasha. Kila duru ya kupandisha inajitengenezea sababu ya duru inayofuata. Sijasikia kiongozi yeyote wa kampuni akieleza duru hii inaishia wapi.

Serikali nayo iliwahi kutaka kuingia ndani ya duru hiyo. Mswada wa Fedha wa 2024 ulikuja na kodi ya magari ya asilimia 2.5 ya thamani, isiyopungua Sh5,000 wala kuzidi Sh100,000, ikusanywe na kampuni za bima mtu anapochukua cheti. Kwa Demio ya milioni moja ni Sh25,000 juu ya bima. Kwa gari la Sh4 milioni ni Sh100,000. Kwa gari la Sh20 milioni ni Sh100,000 ileile. Angalia tena nani anabebwa na nani anabeba. Kodi hiyo iliondolewa tarehe 18 Juni, na mswada wenyewe ukaachwa tarehe 26, baada ya siku ya maandamano ambayo hakuna Mnairobi anayehitaji kukumbushwa. Wazo halikufa, kwa maoni yangu. Aliyelibuni aliona kwamba bima ndiyo lango pekee ambalo kila gari lazima lipite mara moja kwa mwaka, na mlango wa namna hiyo haukosi mtu wa kuweka meza na risiti.

Kama ningepewa dakika kumi na Mamlaka ya Kudhibiti Bima, nisingewaomba washushe ada. Bei isiyotosha ndiyo iliyotuzikia kampuni zile. Ningewaomba wazilazimishe kampuni kuandika kwenye kila ankara punguzo la asiyedai kwa tarakimu, hata kama ni sifuri, ili nilione na nilipeleke kwa mshindani. Ningewaomba kilomita na matumizi yaingie kwenye bei, na traka nisome mwenyewe inachosema juu yangu. Teksi ya programu ipewe bima yake ya kuingilika, inayolipwa kwa wiki kama hesabu ya bosi, ili dereva asione faida kudanganya. Najua wakala mmoja au wawili watasema haya yameshajaribiwa hapa na pale. Yameuzwa kama mapambo kwa wenye magari mapya. Demio haijaalikwa.

Binamu yangu hakununua Demio. Mwezi wa nne alichukua Fielder yenye namba za KCK, kuukuu kuliko alivyotaka, injini ya 1500, inakunywa zaidi kidogo, kwa Sh870,000 taslimu kutoka kwa mwalimu mwenzake aliyekuwa anahamia Eldoret. Alipoiangalia mara ya kwanza hakufungua boneti. Alizunguka nyuma, akagusa taa, akaniuliza, "Hii ina Taiwani?" Nikamwambia iko rafu nzima. Akakata thadi pati, na kila tarehe 5 hutuma Sh4,500 kwenye akaunti ya pili ya SACCO aliyoiandika jina "Gari".

Mwezi uliopita boda ilimchubua kwenye mzunguko wa Donholm, bampa ya nyuma na taa ya kushoto. Mwenye boda alishuka, akatazama, akavua kofia, akasema "Pole sana, mathe," akawasha, akaondoka na abiria wake wawili. Binamu alinipigia akiwa Grogan, akipaza sauti juu ya kelele za mafundi. Taa Sh4,500, bampa Sh6,000 pamoja na rangi, fundi Sh1,500. Akaniuliza kama niliona ujumbe wake. Alikuwa amenitumia picha ya salio la ile akaunti kabla na baada.